Paladini Wangu Amewaponza Wenzake

Anti, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Shangani hapa Mtwara, niko chuo mwaka wa pili. Nina jambo ambalo nikimweleza mtu wa nyumbani ataona nimechanganyikiwa. Nakuandikia wewe kwa sababu nasikia michezo hii unaijua.

Tupo watano. Kila Jumamosi jioni tunakutana barazani kwa rafiki yetu mmoja kule Mikindani, tunacheza Dungeons & Dragons. Kwa wasomaji wasioujua, ni mchezo wa kusimuliana. Mmoja wetu ndiye msimulizi, anatueleza tuko wapi na nini kinatokea. Sisi wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani jambo litafanikiwa au la, tunarusha dadu ya pande 20. Hakuna anayeweka hela. Kinachowekwa mezani ni korosho na chai ya tangawizi.

Kampeni yetu ya sasa, yaani hadithi tunayoiendeleza kila tunapokutana, ni ya baharini. Tuna jahazi linaitwa Saburi, kuna visiwa visivyohesabika na dola mbili zinazogombania njia ya viungo. Mwenzetu mmoja ni nahodha mwenye maneno matamu, mwingine mwizi, mwingine mchawi wa pepo za bahari. Kusema ukweli hao ni maharamia. Mimi nilichagua paladini, yaani askari aliyekula kiapo kitakatifu, mwenye uwezo wa kuponya kwa kuweka mikono na kupiga upanga unaowaka nuru. Sijawahi kumpenda mhusika kama ninavyompenda huyu.

Sasa shida. Tuliteka jahazi la wafanyabiashara. Mabaharia wake tisa wakatupa silaha na kunyoosha mikono. Nahodha wetu akasema wafungwe mpaka asubuhi, maji yakikupwa tuwashushe kwenye fungu la mchanga, sisi tutweke tanga. Na ilikuwa bamvua. Wewe ni mtu wa pwani, sina haja ya kukueleza maji yanaporudi inakuwaje. Nikakataa. Tukabishana mpaka mama mwenye nyumba akatoka kuuliza kama tunagombana kweli. Ikapigwa kura, nikashindwa.

Basi nikamtumia msimulizi ujumbe kwenye simu, wengine wasione: usiku paladini wangu anawafungua mateka na kuwapa mtumbwi wetu. Asubuhi nahodha akauliza zamu ilikuwa ya nani. Nikasema ilikuwa yangu, lakini nilipitiwa na usingizi.

Jumamosi iliyofuata mateka walikuwa wameshafika bandarini na kutoa taarifa. Manowari mbili zikatukuta tumetia nanga nyuma ya kisiwa. Saburi likaungua. Mwizi wetu akafa akijaribu kukata kamba ya nanga. Huyo mwizi rafiki yangu alikuwa naye tangu siku ya kwanza, amemwandikia daftari zima: alizaliwa wapi, mama yake aliuzwa bandari gani, deni lake liko kwa nani. Msimulizi akatamka mbele ya wote, "Hawa ndio wale mlioachia usiku." Kila mtu akanigeukia. Mpaka leo rafiki yangu hapokei simu zangu.

Waliobaki wananiambia nibadilishe mhusika au nipumzike kwanza. Mimi najitetea kwamba nilifanya kile ambacho paladini angefanya. Nina kitabu cha sheria kwenye simu, PDF niliyotumiwa WhatsApp, na kimeandika wazi: paladini haandamani na waovu, anatoa fungu la kumi la mapato yake, na akitenda uovu kwa kujua uwezo wake unaondoka moja kwa moja. Sasa nilitakiwa nifanye nini?

La pili ni mama. Alinikuta chumbani nafanya mazoezi ya kiapo cha mhusika wangu kwa sauti, naapa kwa mungu wa kilindi. Akasimama mlangoni, akaniuliza, "Umeapa kwa nani?" Nikakosa jibu. Halafu akaiona dadu mezani. Sasa anaamini nimeingia kwenye shirki na kamari kwa mpigo. Baba bado hajaambiwa.

La mwisho ni dogo. Nimefika leveli ya 5 na nimepata uwezo wa kumwita mnyama wa kupanda. Kitabu cha msimulizi kinataja farasi, ngamia na wengine wa nchi kavu. Tayari nilishaanguka majini mara moja nikiwa na deraya ya chuma, nusura nizame, wenzangu wakacheka mpaka machozi. Nikiongeza na farasi humo jahazini nitakuwa kichekesho. Nimwite nani?

Paladini asiye na jahazi, Mtwara

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeicheka na kuisikitikia kwa zamu.

Tuanze na rafiki yako, maana mengine yote yanaweza kungoja Jumamosi na yeye hawezi. Mtu aliyejaza daftari zima kuhusu mwizi wa kubuni amemlea yule mwizi. Usimpigie tena, ameshakuonyesha kwamba simu haitaki. Mfuate. Akiwa anakaa ng'ambo, panda kivuko cha Msangamkuu umfuate hukohuko. Ukifika, ile PDF ibaki mfukoni. Mpe pole ya mhusika wake, mwambie kwamba ulimdanganya, kisha unyamaze aseme yake yote, hata yakiwa machungu. Ukisikia neno "lakini" linakuja mdomoni, kunywa chai.

Ndiyo, nimesema ulimdanganya. Wenzako wanadhani kosa lako ni kuwafungua mateka, na wewe umejipanga kujitetea papo hapo. Mimi sioni kosa lolote katika kukataa kuwaua watu tisa waliotupa silaha. Bamvua ya huku kwetu maji hupanda zaidi ya mita 3, na fungu lililokuwa kavu asubuhi, alasiri halionekani. Nahodha wako hakuwa anawashusha watu, alikuwa anawazamisha kwa adabu. Ila asubuhi ulipoulizwa, ulisema ulipitiwa na usingizi. Kiapo cha paladini kilichozoeleka kuliko vyote katika kanuni za 2014 kina nguzo tano: ukweli, ujasiri, huruma, heshima na wajibu. Ukweli ndio wa kwanza, kwamba usidanganye na neno lako liwe ahadi. Huruma ni ya tatu, nayo imewekewa sharti: mhurumie adui, lakini huruma hiyo iwe na busara ndani yake. Paladini wako alivunja ya kwanza ili aitimize ya tatu, na hata hiyo ya tatu aliitimiza nusu, kwa sababu kumpa mtumbwi mtu anayekwenda moja kwa moja kukushtaki, kisha ukae nyuma ya kisiwa kilekile unasubiri, busara hapo sijaiona.

Sasa hiyo PDF. Wewe unacheza na kitabu kingine, wenzako wanacheza na kingine. Kutoandamana na waovu, fungu la kumi, uwezo kuondoka milele kwa tendo moja la uovu: hizo ni kanuni za mwaka 1978. Mchezo ulitoka 1974, paladini akaingia 1975, na miaka mitatu baadaye waandishi wakamfunga kamba kila upande. Alitakiwa awe mwema na mtii wa sheria, asimiliki zaidi ya vitu kumi vya kichawi, na akijisahau kidogo akaungame kwa kasisi na kutumikia toba. Watu wazima wamegombana kwa ajili ya masharti hayo miongo kadhaa, kwa sababu yalimfanya mchezaji mmoja kuwa askari polisi wa wengine wote. Meza yenu inatumia kanuni za 2014. Nimezijua kwa huyo ngamia wako, ndimo alimotajwa. Humo lile sharti la tabia halimo tena, kimebaki kiapo, na viapo ni zaidi ya kimoja.

Muhtasari wa kanuni hizo ulitolewa bure Januari 2023 kwa leseni huria, kwa hiyo hakuna atakayekukamata ukizichapisha. Chapisha kurasa za paladini peke yake pale steshenari, wapelekee wenzako, kila mmoja asome. Humo kimo kiapo kimoja tu, hicho cha nguzo tano, na kinatosha kuanzia mazungumzo.

Umeniuliza ulitakiwa ufanye nini. Ulitakiwa uwanunue.

Usinicheke. Kura imepigwa, umeshindwa, sawa. Paladini anasimama mbele ya nahodha, mchana kweupe, anasema: fungu langu la ngawira hii chukueni, na la safari ijayo chukueni, watu hawa tisa niachieni mimi. Nahodha mwenye maneno matamu anapiga hesabu kichwani. Mwizi anakuona mjinga na anazipokea zile fedha. Mateka wanashushwa kwenye kisiwa chenye maji ya kisima na minazi, mbali na bandari, mahali ambapo chombo kitapita baada ya wiki na si baada ya saa. Saburi halikuungua, mwizi hakufa, wewe huna hata senti, na kuanzia siku hiyo kila ukikataa jambo wenzako wanajua utalilipia. Msimulizi anayejua kazi yake angeshangilia, maana hapo angepata mateka tisa wanaodaiwa uhai na mtu mmoja, waliotawanyika bandari zote za visiwa vile.

Kiapo umekula wewe. Wenzako hawakuapa chochote. Paladini anapofanya wenzake ndio walipe gharama ya uchamungu wake, mezani patachafuka tu, hata awe na haki namna gani. Akilipa mwenyewe, hata haramia anamheshimu. Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika barua hii yote.

Na suala la ngawira na dini si geni huku kwetu. Mimi niko Lindi, Kilwa Kisiwani ni ya mkoa wangu, basi niruhusu nitembee kidogo. Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anaandika kwamba sultani huyo alikuwa akivamia bara kupigana na wasio Waislamu, na katika kila ngawira akitenga moja ya tano, kama Qurani inavyoagiza, akiiweka katika hazina ya peke yake, na masharifu waliokuja kutoka Iraki na Hijazi wakipewa humo. Anasimulia pia jinsi fakiri mmoja kutoka Yemeni alivyomsimamisha sultani akitoka Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Watu wakamsifu sana. Kisha mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake, na sultani, alipoona watu walivyolisifu tendo lake, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisome tena hicho kisa polepole ukiwa na karatasi ya mhusika wako mkononi. Nguo ni zake, kazivua mwilini mwake. Hilo tendo la paladini kabisa, nami nalipenda. Watumwa ishirini je? Hao huenda walitoka kwenye uvamizi uleule, na hakuna aliyewauliza. Mcha Mungu mmoja, siku moja, ukarimu wa aina mbili. Kama mimi ndiye msimulizi wenu, ningekuwekea kisiwa kizima chenye mtawala wa namna hiyo, anayependwa na kila mtu na anayekualika kula, nikaona paladini wako anatazama sahani au anatazama wanaoileta.

Ukisoma habari za askari wa dini waliokwenda baharini kwelikweli utaona kwamba mpaka kati yao na maharamia ulikuwa mwembamba sana. Mashujaa wa Mtakatifu Yohane walipewa kisiwa cha Malta mwaka 1530 wakakaa hapo mpaka Napoleon alipowatoa 1798. Walikuwa watawa wenye nadhiri, na walikuwa wakiteka merikebu za Waislamu, wakiuza mizigo na watu, na makasia ya merikebu zao yalivutwa na watumwa. Ng'ambo ya pili, Algiers, Tunisi na Tripoli, kulikuwa na mabaharia waliofanya vivyo hivyo kwa Wakristo, nao wakiita kazi yao jihadi. Kila upande ulikuwa na hati, baraka na soko la watumwa. Na Wareno walioivamia na kuipora Kilwa Julai 1505 walikuja na msalaba. Mtu wa Kilwa aliyekuwa amesimama ufukweni siku ile, ukimwambia "askari mtakatifu wa baharini", nadhani unajua angemchora vipi.

Nakwambia haya kwa sababu unaamini paladini na maharamia hawawezi kukaa chombo kimoja. Wamekaa, tena karne nyingi. Swali zuri la kampeni yenu ni nani mwenye idhini ya kuteka, na idhini hiyo inamwosha nani.

Kwa hiyo usimbadilishe mhusika. Badilisha kiapo. Kaa na msimulizi mkiandike upya kwa mambo ya jahazini, vifungu vichache vinavyosomeka kwa pumzi moja. Ningeanza na aliyetupa silaha kwamba hauawi, na maji ya kunywa kugawiwa sawa kuanzia nahodha mpaka mateka, kwa kuwa humo chomboni pipa la maji ndilo serikali. Kisha anayezama huokolewa kwanza, maswali baadaye. Hiki cha mwisho hata maharamia wako hawatakipinga, maana ni desturi ya bahari yote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 98, unadai kwamba nahodha amsaidie yeyote anayekutwa majini katika hatari ya kupotea. Kifungu cha mwisho kiweke juu ya wenzako: sitawasaliti mabaharia wa chombo changu, nikipinga jambo nitalipinga usoni mwao. Ukishakisoma hicho mbele yao, waulize wanaonaje. Wakikataa kifungu, jadilianeni. Hayo mazungumzo mlipaswa kuyafanya kabla ya kurusha dadu ya kwanza.

Kipo pia kiapo cha kisasi, kimo katika kitabu kamili cha 2014, na huenda kinakufaa zaidi. Paladini wa kisasi ana adui mmoja mkubwa, na kiapo kinamwambia wazi kwamba akitakiwa kuchagua kati ya adui huyo na uovu mdogo ulio njiani, amfuate yule mkubwa. Mpe mfanyabiashara wa watumwa anayehama bandari kwa bandari. Mwizi aliyekufa, umeniambia mama yake aliuzwa. Basi jina la aliyemuuza limo kwenye lile daftari. Mwombe rafiki yako ruhusa, akikubali, paladini wako achukue lile deni. Akikataa, usimguse, daftari ni lake.

Msimulizi wenu naye ana lake. Aliona kwenye karatasi maharamia watatu na paladini mmoja akasema twendeni. Akapokea ujumbe wako wa siri, akautumia kuchoma jahazi la watu wanne, halafu akatangaza mbele ya wote kwa sentensi moja. Simwiti mbaya, siri zinanogesha mchezo. Lakini siri inayoweza kumuua mhusika wa mtu mwingine ilihitaji angalau dadu moja irushwe kwa huyo mtu: pengine mwizi alisikia mtumbwi ukikwaruza ubao usiku. Mwizi mzima, amelala sitaha, hasikii? Mweleze hilo kwa upole, faragha, na usilitumie kama ngao yako.

Nije kwa mama. Mimi si mufti, na suala la halali na haramu utalipeleka kwa shekhe wenu wa mtaa mwenye subira ya kusikiliza maelezo hadi mwisho. Ninachoweza kusema ni haya. Mama alikusikia unaapa kwa mungu wa kilindi chini ya paa lake, tena kwa sauti ya mazoezi, na wewe ukakosa jibu. Hofu yake ina msingi. Nenda kwake usiku baada ya chakula, bila dadu, bila karatasi, umweleze kama ulivyowaeleza wasomaji wangu: mmoja anasimulia, wengine wanajibu, hakuna hela. Mwambie mama mwenye nyumba wa Mikindani anakaa humohumo na anawasikia kila Jumamosi. Wakubaliane waonane. Mama akimjua mama mwenzake, nusu ya kazi imeisha. Na baba aambiwe na wewe kabla hajaambiwa na jirani.

Kisha umwondoe huyo mungu wa kilindi. Kanuni za 2014 zinasema nguvu ya paladini hutoka katika kujitoa kwake kwa haki kama inavyotoka kwa mungu yeyote, kwa hiyo hupungukiwi hata pointi moja. Mhusika wako aahidi, asiape. Awaahidi wajane wa bandari aliyotoka, au mabaharia aliowazika. Binafsi naona hata hadithi inanoga zaidi, maana mjane anaweza kutokea bandarini akakudai ahadi yako, na mungu wa kubuni hawezi.

Dadu nayo ina kesi yake. Wazee wengi na wanazuoni wengi hawaipendi hata pasipo fedha, na huwezi kuishinda hoja hiyo kwa kusema tunatumia korosho. Kateni vipande 20 vya karatasi vilivyo sawa, viandikeni 1 hadi 20, vitieni kwenye kofia. Mtu anachomoa, anasoma, anarudisha, kofia inatikiswa. Kurudisha ni lazima, la sivyo bahati inaharibika. Matokeo ni yaleyale ya dadu, na ile hali ya kuchungulia karatasi huku watu wamekutolea macho nadhani utaipenda.

Sasa deraya. Katika kanuni zenu deraya nzito huchukua dakika 10 kuivaa na 5 kuivua, na kamili ya chuma ina uzito wa kilo karibu 30. Ukianguka majini nayo hutaivua, na pumzi yako ni dakika moja pamoja na nyongeza ya afya ya mhusika. Iache sandukuni kwa siku za kushuka nchi kavu. Jahazini vaa ya ngozi, inavaliwa na kuvuliwa kwa dakika moja, na shika mkuki na ngao. Chini ya maji upanga mrefu unakupa shida, mkuki haukupi, wala kisu, na ule uwezo wako wa kupiga kwa nuru unafanya kazi kwa mkuki kama unavyofanya kwa upanga. Nawe usione mkuki ni wa kinyonge. Pwani hii wanaume wamelisha familia kwa mkuki wa pweza.

Na kwa kuponya, wewe ndiye daktari wa chombo. Leveli ya 5 una pointi 25 kwa siku, na 5 tu zinatosha kuondoa ugonjwa mmoja au sumu moja. Usizingoje vita. Baharini watu wanakufa kwa kiseyeye, kuhara na miba ya samaki wa sumu. Mguse mpishi, mguse mvulana wa kuteka maji, na mateka pia. Ukifika leveli ya 6, kila rafiki aliye ndani ya mita 3 kutoka uliposimama anapata nyongeza anapojikinga na madhara. Uwandani hiyo ni hatua chache tu, lakini kwenye jahazi, ukisimama kati ya mlingoti na usukani, umewafunika karibu wote. Wale waliotaka upumzike wataanza kukuuliza umesimama wapi.

Mnyama wa kupanda: kitabu kinataja farasi wa vita, farasi mdogo, ngamia, kulungu mkubwa wa nchi za baridi na mbwa mkubwa, kisha kinamwachia msimulizi aruhusu mwingine. Omba pomboo. Mnyama huyo anaelewa lugha moja unayoijua, na mnaweza kusemeshana kwa mawazo akiwa umbali wa hadi kilomita moja na nusu hivi. Maana yake mna mlinzi anayeogelea mbele ya chombo gizani na kukwambia nyuma ya kisiwa kuna manowari mbili. Msimulizi akisita, mkubaliane kwamba pomboo hapigani, anaona na kubeba tu, na akichoka anakwenda zake. Ngamia mwache bara.